Jibu: Mashine ya pilipili manga inanguruma lakini haitoi kitu

Salama ndugu. Umesema mashine yako ya betri inanguruma ila pilipili manga haitoki. Kama mlio una nguvu, betri usizilaumu. Anza na skrubu ya kurekebisha unga laini au wa chengachenga: ilegeze kidogo, maana ikikazwa mno punje hazipiti kwenye meno. Kisha pindua mashine uchungulie. Ukiona unga mweusi umegandamana kwenye meno, chanzo ni mvuke. Wengi tunasagia juu ya sufuria inayochemka (tabia mbaya hiyo). Usiioshe kwa maji, sugua kwa mswaki mkavu. Baada ya hapo sagia kwenye kisahani, mbali na jiko. Ukinunua nyingine, tafuta yenye meno ya kauri, hayashiki kutu hata ukisagia chumvi.