Sanduku la maoni limeota buibui

SWALI: Anti habari za kazi? Mi niko kiwandani hapa Dar, upande wa kupaki. Mwaka jana bosi alileta sanduku la maoni akalitundika mlangoni kwake kabisa, kufuli juu, tukaambiwa andikeni. Nikaandika meza zinyanyuliwe kidogo maana tunainama kutwa nzima migongo inatuua. Mpaka leo kimya, na juzi nimekuta buibui kajenga kwenye kile kitundu. Niandike tena?

JIBU: Pole mdogo wangu, nimecheka hapo kwa buibui ila inauma. Kwanza sanduku mlangoni kwa bosi nani atatumbukiza karatasi huku anaangaliwa? Hii kitu ya zamani sana, Kodak, kampuni ya kamera kule Marekani, walianza 1898 na wa kwanza kuzawadiwa alipata dola 2 kwa kusema tu madirisha yaoshwe mwanga uingie. Toyota nao wanayo tangu 1951, na kwao wazo dogo kama lako la meza ndo hasa linalotakiwa, supavaiza analisoma, unapewa jibu hata kama ni hapana. Nyie mmepewa boksi tu, jibu hamna.

Usiandike tena. Mfuate supavaiza, mwombe mjaribu meza moja tu, wekeni matofali au mbao chini ya miguu yake (hakikisha haiyumbi jamani), wiki moja mhesabu katoni mnazomaliza kabla na baada. Namba zikipanda mpelekee yeye aziwasilishe, mabosi wengi wanaelewa katoni haraka kuliko migongo.