Mhariri wa filamu akaombe wapi mafunzo ya nje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mhariri wa filamu, nimeshahariri filamu fupi tatu. Natamani sana kwenda mafunzo ya kimataifa, lakini kila tangazo linataka mwongozaji mwenye mswada wake. Je, sisi wahariri tumeachwa? Halafu kuna mtu mtandaoni ananiahidi nafasi nikimlipa.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hamjaachwa. Kuna programu zinazochukua mradi na kuna zinazochukua mtu, na wewe umekuwa ukibisha hodi kwenye zile za mradi.

Makazi ya tamasha la filamu la Cannes la Ufaransa, kwa mfano, yaliyoanza mwaka 2000, huwaweka waongozaji Paris kwa miezi minne na nusu ili waandike filamu ndefu. Maabara ya waongozaji ya taasisi ya filamu ya Sundance kule Marekani humpa mtu waigizaji na mafundi ajaribu matukio ya mswada wake mwenyewe. Huna mswada, basi ziache kwanza.

Inayokufaa ni Berlinale Talents. Ipo tangu 2003, hufanyika Februari wakati wa tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, na huita watu wapatao 200 kutoka kila pembe ya dunia: wahariri, wapiga picha, watu wa sauti, watunzi wa muziki, hata waigizaji. Ina programu ndugu zake katika miji ya Durban, Sarajevo na Guadalajara, kila mmoja na masharti yake, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika mpaka mwisho. Naipenda kwa sababu mhariri anakaa meza moja na waongozaji ambao filamu zao bado hazina mhariri. Kwa mtu wa fani yako, hilo lina thamani kuliko mihadhara yote.

Sasa barua ya maombi, maana hapo ndipo wengi wanapoangukia. Nimekaa kwenye jopo la kuchuja maombi, na barua za "napenda filamu tangu utotoni" zinafanana zote. Ukifika ya kumi hukumbuki ya kwanza. Ninayemkumbuka ni mhariri mmoja aliyeeleza tukio moja tu. Baba anasoma barua mezani, binti yake anamtazama. Mwongozaji alitaka uso wa baba. Mhariri akang'ang'ania uso wa binti, baba tukamsikia tu akikunja karatasi, polepole, mara mbili. Akaandika kwa nini: mtazamaji akishaona machozi ya baba, haulizi tena barua inasema nini. Chini akaweka kiungo cha tukio lenyewe. Jopo zima tulilitazama, na hakuna aliyebishana.

Nawe fanya hivyo. Katika filamu zako tatu, chagua tukio ambalo uamuzi wako ulibadilisha maana, uandike ulichokata na ulichoacha. Omba ruhusa ya mwongozaji kabla ya kulituma.

Ukikubaliwa, uliza mapema nani analipa nauli na malazi, kwani kukubaliwa na kulipiwa ni mambo mawili. Omba barua ya mwaliko siku hiyohiyo. Viza huchelewa kuliko unavyodhani.

Huyo wa mtandaoni usimpe hata senti. Baadhi ya programu hutoza ada ya maombi, na hiyo hulipwa kwao moja kwa moja kupitia tovuti yao. Nafasi yenyewe haiuzwi. Mfungie namba, uanze kutafuta lile tukio.