Ethi rodi moja inatosha? Barua kwa mwanangu fundi umeme

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Ama baada ya salamu, huku Tanga sote wazima, mvua za vuli zimeanza na mama yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema tangu uache kazi ya kuajiriwa na kuanza kujitegemea hapo Dodoma, umewauliza mafundi wakubwa mambo matatu: kama ethi rodi moja, ile fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini kushusha umeme unaovuja, inatosha kwa nyumba ya vyumba vitatu, pointi moja, yaani taa, swichi au soketi moja, wanatoza shilingi ngapi, na kwa nini kampuni uliyoifanyia kazi ofisini kwao imekukata asilimia 5 ya malipo yako. La kwanza ukajibiwa, "Chuo ulisomea nini?" La pili wakanyamaza. La tatu wakacheka. Sasa unaniuliza, "Baba, niache kuuliza?"

Usiache, mama. Ila sitaki kukujibu kwa neno moja, maana jambo hili nimeliona miaka mingi kwenye vijiwe vya mafundi wa huku na linaniuma.

Hilo la ethi wanaloliita swali la kitoto, si la kitoto hata kidogo. Huku pwani ukipigilia rodi moja Raskazone, udongo una unyevu na chumvi, umeme unashuka ardhini bila taabu. Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba hakuna mvua ya kutegemea. Ardhi ikikauka haipitishi umeme vizuri, na rodi ileile, yenye urefu uleule, inakupa kipimo kibaya. Kwa hiyo jibu la kweli ni kupima. Tafuta ethi testa, kifaa cha kupima kama ardhi inaupokea umeme vizuri, upime sasa hivi kabla mvua hazijaanza huko, kwa sababu ukipima Februari utapata namba nzuri ambayo Oktoba haitakuwepo. Kipimo kikikataa, ongeza rodi ya pili uiunganishe na ya kwanza, na usiziweke karibu karibu: umbali kati yake usipungue urefu wa rodi yenyewe, la sivyo ya pili haitakusaidia sana.

Sasa tazama. Yule aliyekuuliza ulisomea nini angeweza kukwambia hayo kwa maneno machache. Mimi nadhani hakuwa nayo. Wako mafundi waliopigilia rodi moja tangu wakiwa saidia fundi kwa kuwa bosi wao alipigilia moja, na kipimo hawajawahi kukishika. Umemgusa mahali pasipo na jibu, tena mbele ya wenzake, akaona bora awe mkali. Ukali huo usiubebe moyoni ukadhani ni upungufu wako. Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa kazi anauliza kile ambacho wenyeji wameacha kukiangalia, na fundi mwenye akili anashukuru kuulizwa.

Nikueleze kilichotokea hapa Makorora, ndipo utaelewa kwa nini sina uvumilivu na watu wanaocheka. Kuna kijana mwenye bidii alipata kazi ya kufunga hita ya bafuni, zile zinazochemsha maji papo hapo, ya kilowati 5.5. Alizoea soketi za kawaida, hivyo waya aliokuwa akiujua ni wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5. Kabla ya kununua akapita kijiweni Ngamiani, nje ya duka la vifaa vya umeme, akawauliza waliomtangulia: hita hii niivutie waya gani? Mmoja akasema kwa sauti, "Huyu naye fundi?" Wote wakaangua kicheko. Kijana akaingia dukani, akanunua waya wa 2.5, akaenda zake.

Baadaye mwenye nyumba aliniita kwa sababu palikuwa na harufu ya plastiki inayoungua. Nikapanda darini. Bomba lilipita chini kidogo ya bati, na ndani yake kijana alikuwa amepitisha waya za hita pamoja na za taa na za soketi za chumba cha pili. Nilipozivuta, ganda la waya wa hita lilikuwa limelainika na kugandana na waya ulio jirani yake. Hesabu yake ni rahisi: wati 5,500 gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 24. Waya wa 2.5 ukiwa peke yake mahali pa baridi unazifikia ampea hizo kwa shida. Ukiubana na wenzake chini ya bati, kwa joto la Tanga, hauziwezi. Na breka aliyofunga, ile inayokata umeme mzigo ukizidi, ilikuwa ya ampea 32. Kwa breka ya 32, mzigo wa ampea 24 ni wa kawaida, isingekata hata siku moja. Waya ungeendelea kuiva huku breka imetulia, na chini ya dari ile wanalala watoto.

Tulivuta waya mpya wa 6 kwenye bomba lake lenyewe. Kijana nilimwita aje tufanye pamoja. Alipokuwa ananishikia ngazi akaniambia, "Mzee, mimi niliuliza." Aliyefunga ule waya ni yeye, na nilimwambia hivyo bila kumficha. Lakini wale waliocheka nao wana sehemu yao, na sijui kama wanaijua. Mtu akichekwa kwa kuuliza haachi kazi. Anaacha kuuliza, kisha anakisia. Kazi yetu ukikisia unaunguza nyumba ya mtu.

Hata hivyo nisiwaonee wakubwa. Fundi yuko juu ya ngazi, simu inaita: "Mzee, wiring ya nyumba shilingi ngapi?" Nyumba ipi, vyumba vingapi, imepigwa lipu au bado, hajaambiwa. Ameshapigiwa simu za namna hiyo chungu nzima, na wengine wakishaipata bei wanakwenda kwa mteja wake kuishusha. Huyo akijibu kwa mkato ninamwelewa. Kwa hiyo wewe nenda na kazi yako mkononi. Chukua mchoro, onyesha hesabu uliyopiga, sema umefika wapi na umekwama wapi. Msalimie kwanza hata kama ni kwenye simu, na umtafute jioni, si saa nne asubuhi. Muulize akiwa peke yake. Mbele ya kijiwe mtu anajibu ili wenzake wamsikie, akiwa peke yake anakujibu wewe. Ukishaifanya kazi, mrudie umwambie ilivyokwenda. Hilo wengi hawalifanyi, na ndilo linalomfanya mtu akufungulie mlango mara ya pili.

Kimya cha bei ndicho kinachonichukiza kuliko vyote. Wanaficha wakidhani wanalinda riziki. Mafundi wakifichana bei, anayefaidi ni mteja: anakuja kwako anasema fulani amekubali nusu ya hiyo, nawe huna pa kuhakikisha, unashuka. Kesho anakwenda kwa fulani na bei yako. Hatimaye wote mnafanya kazi ya hasara, na mwenye hasara anaanza kuiba kwenye vifaa. Mambo mengi ya hovyo ninayoyakuta kwenye dari za watu yameanzia kwenye bei iliyoshushwa.

Bei ya pointi ya Tanga haitakufaa huko, nauli na maisha havifanani. Namna ya kuitafuta ndiyo hii. Hesabu pointi zote kwenye mchoro, kila taa, kila swichi, kila soketi, usisahau feni na kengele. Kisha weka siku zako na za kijana wako, nauli, chakula, uchakavu wa drili, na siku zile utakazokaa bila kazi baada ya hii, maana nazo zina kodi ya chumba. Gawanya jumla kwa idadi ya pointi. Ukikuta namba unayotajiwa na mteja iko chini ya hiyo, ujue unamfanyia kazi kwa fedha yako mwenyewe.

Malipo yafuate hatua. Fungu la kwanza kabla hujalaza mabomba, la pili waya zikishavutwa, na la mwisho siku ya kufunga swichi na soketi na kuwasha. La mwisho liwe dogo kuliko yote. Mteja akishaona taa zinawaka, haraka yake yote inakwisha. Na uandike kabisa kwenye karatasi ya bei kwamba pointi itakayoongezwa baada ya lipu ina bei yake, pamoja na kuvunja na kuziba. Nakujua wewe. Mwenye nyumba atapita na mkewe siku za mwisho, watasema hapa tuongezee soketi ya televisheni, nawe kwa adabu zako utasema sawa, kisha usiku kucha uko na patasi ukutani. Chuoni ulifundishwa mchoro na vipimo. Haya ya kudai haki yako unafundishwa na mtu aliyewahi kudhulumiwa, na ndiyo maana asipokwambia amekunyima kitu kikubwa.

La asilimia 5 ni fupi. Hujadhulumiwa. Hiyo ni kodi ya zuio: kampuni ikimlipa mtoa huduma ambaye ni mkazi wa nchi, inakata asilimia 5 ya ada yake na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Ankara yako ilikuwa ya shilingi 1,200,000, wamekata 60,000, hesabu ni sahihi. Unachotakiwa kudai ni cheti cha zuio chenye TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi, na ukitunze. Wakati wa kukokotoa kodi yako ya mwaka, hizo 60,000 zinahesabiwa kwamba umekwisha kuzilipa. Nimekutana na mafundi, tena watu wazima, wamekatwa mwaka hadi mwaka bila kudai cheti hata kimoja kwa sababu waliona haya kuuliza. Fedha hiyo hawataiona tena. Kwa hiyo wanaokucheka kwa hili, sikuona cha kuchekesha.

Kijana anayekubebea ngazi umeniambia anauliza sana, mpaka anakuchosha. Mjibu. Ukiwa umechoka mwambie asubiri hadi jioni, lakini jioni umjibu kweli.

Kwa upande wa testa, nimekutafutia. Yupo rafiki yangu tuliyefanya naye kazi Pongwe kabla hajahamia Dodoma, anakaa Kisasa. Nimeongea naye jana, anayo na atakuazima, ila uende kabla ya Ijumaa kwa sababu wiki ijayo ana kazi Singida. Anataka uende na mchoro, na uwe umepiga hesabu ya pointi mwenyewe ili aipitie. Ni mkali wa sauti, usiogope, anajibu anachoulizwa. Namba yake nakutumia kwenye ujumbe mwingine.

Mama yako amekufungia nazi na embe kwenye basi la kesho asubuhi. Mzigo una jina lako, uufuate stendi ya Nanenane, na embe chache umpelekee huyo mzee.

Baba yako,
Makorora, Tanga