Kazi za pembeni zinavyokunyima cheo

Kwenye idara niliyofanyia kazi muda mrefu, muhtasari wa vikao niliandika mimi. Michango ya kuwaaga wastaafu nilikusanya mimi, na mwajiriwa mpya akija analetwa kwangu nimwelekeze. Sifa nilizipata tele. Cheo akakipata kijana niliyemwelekeza.

Nilidhani ni tatizo langu peke yangu, hadi niliposoma utafiti wa mwanauchumi Linda Babcock na wenzake, uliochapishwa 2017. Katika makundi yenye wanaume na wanawake, wanawake ndio waliojitolea zaidi kwa kazi ambayo kila mtu angependa ifanywe na mwenzake, na ndio walioombwa zaidi waifanye. Wanaume walipowekwa peke yao walijitolea bila shida! Kumbe wanaijua kazi, ila wakituona sisi wanawake wanatuachia.

Kwa hiyo usigombe, omba zamu. Kikaoni, mbele ya watu, sema: "Leo naandika mimi. Kikao kijacho ataandika nani?" Kisha nyamaza. Kimya kile kinakera, lakini usikijaze wewe. Kuna atakayeinua mkono.

Wenzetu wa jamii za wachache wanabebeshwa mzigo wa aina nyingine. Mfanyakazi mwenzangu aliwekwa kwenye kila kamati ya usawa na kila picha ya matangazo, ila bajeti ya kusimamia hakupewa hata siku moja. Ukiitwa kwenye kamati kama hizo, uliza utapunguziwa kazi gani, na kama itaingia kwenye tathmini yako ya mwaka. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, omba mradi wenye fedha na watu wa kuongoza, maana ndio utakaoulizwa siku ya usaili wa cheo.

Ukiambiwa "bado hujaiva," usiondoke na kauli hiyo tu. Uliza unapungukiwa nini hasa, halafu siku hiyohiyo mwandikie bosi barua pepe: "Kama nilivyokuelewa, nikikamilisha haya mawili kufikia Juni, jina langu litapelekwa. Nisahihishe kama nimekosea." Wengi hawapendi kuijibu. Itunze hata isipojibiwa, pamoja na tarehe na matokeo ya kazi zako. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unapinga ubaguzi kazini kwa misingi kama jinsia, rangi, dini na asili, lakini anayelalamika bila maandishi hupata tabu kusikilizwa.

Tafuta pia mtu mwenye kiti kwenye kikao kinachopandisha watu. Washauri wa kukupa moyo hawakosekani. Unayemhitaji ni wa kulitaja jina lako wakati wewe haupo, na huwezi kumpata kama hajawahi kuiona kazi yako kwa macho yake, basi mpelekee.

Na ukitimiza walichotaka, kisha wakakubadilishia masharti, anza kutuma maombi kwingine ungali unapokea mshahara.