Muulize Anti: TRA wananidai milioni 48, nitafute wakili?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nina duka la vitenge Kariakoo, mwaka wa sita huu. Wiki iliyopita nimeletewa barua ya TRA, baada ya ukaguzi wanasema nadaiwa kodi milioni 48 ya miaka mitatu. Anti hiyo hela sijawahi hata kuiota! Kuuliza naambiwa wamechukua kila kilichoingia benki na kwenye lipa namba wakahesabu ni mauzo, wakati humo kuna hela za kaka yangu yuko Muscat ananitumia namsimamia ujenzi Kivule, na hela za kikoba, mi ndo mweka hazina. Sasa kuna jamaa anataka laki 8 anitafutie wakili anayejuana na watu wa ndani. Nimpe? – Mama Nasra

JIBU: Marahaba mama. Hiyo laki 8 usiitoe kabisa. Mtu anayeuza kujuana hana cha kukusaidia, na mambo yakiharibika mbele ya TAKUKURU atakayeitwa mtoa rushwa ni wewe, yeye kishoka wako ashazima simu.

Kingine, siku uliyosaini kupokea barua ni lini? Maana una siku 30 za kuweka pingamizi kwa Kamishna kwa maandishi, na wiki moja ishaliwa. Watu wanahangaika kutafuta wakili mwezi mzima, siku wanampata muda umeshapita, wanaanza kazi nyingine ya kuomba kuongezewa muda. Halafu kuna hili linalowakatisha wengi tamaa: pingamizi halipokelewi hivi hivi, unatakiwa ulipe kile usichobisha au theluthi ya kodi waliyokadiria, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kwako theluthi ni milioni 16. Usizimie, sheria inamruhusu Kamishna kupunguza au kuondoa kabisa hayo malipo ukiomba kwa sababu za maana, kwa hiyo ombi hilo liandikwe mapema, sio siku ya 29.

Sasa wakili. Mi kwa maoni yangu hapo ulipo mtu unayemhitaji kwanza ni mhasibu, au mshauri wa kodi aliyesajiliwa, kwa sababu ugomvi wenu ni wa hesabu. Chukueni taarifa ya benki mkae chini mpite mstari kwa mstari, hii ya kaka, hii ya kikoba, hii kweli nimeuza (na ulizouza ukubali tu mama, usianze kuficha hapo) na kila mstari uwe na karatasi yake: meseji za kaka, risiti za saruji na nondo, mikataba ya fundi, daftari la kikoba lenye saini za wanachama. Kuthibitisha ni juu yako, sio juu yao. Ukiwaambia kwa mdomo "hiyo ni ya kaka" watakuitikia vizuri tu na deni litabaki pale pale.

Kamishna akikataa, hapo ndo wakili anastahili hela yake, maana unaingia Bodi ya Rufani za Kodi na notisi ya kukata rufani nayo ina siku zake 30, mbele kuna Baraza la Rufani za Kodi halafu Mahakama ya Rufani, na huko kuchelewa au kukosea makaratasi kunaua kesi nzuri. Jina lake liangalie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kama leseni ya mwaka huu ipo, muulize ni kesi gani za kodi kashasimamia, sio za ardhi na talaka. Malipo yake yaandikwe, na risiti ya EFD akupe, wakili wa kodi anayekwepa kutoa risiti jamani! Na kodi yenyewe hailipwi mkononi kwa wakili wala nani, ni kwa kontrol namba tu.

SWALI: Anti, mi deni langu la milioni 5 ni la kweli, biashara ilikufa tangu 2021. Wakili kasema milioni 2 atalimaliza. – Baba Junior, Mbagala

JIBU: Baba, milioni 2 kwa deni unalolikubali? Peleka hiyo TRA. Andika barua mwenyewe uombe kulipa kwa awamu, utaje kiasi unachokiweza kweli, kwa sababu ukiruka awamu moja wanaweza kulidai lote kwa mpigo, hata kwa kuiagiza benki yako ilipe. Na hiyo biashara uliwaarifu TRA kwamba umeifunga? Kama hukuwaarifu anza na hilo hilo, wao kwenye mfumo wao bado unauza.