Miche ya minazi kutoka Tanga

Ndugu wa Likoni, unauliza kama cheti cha Tanga chatosha kuvusha miche ya minazi mpakani Lunga Lunga kuingia Kenya. Hakitoshi. Anza KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea: omba kibali cha kuingiza mimea kabla mzigo haujafungwa, umtumie muuzaji. Wakaguzi wa Tanzania, TPHPA (mamlaka yao ya afya ya mimea na viuatilifu), hufuata masharti yaliyomo humo ndipo watoe cheti cha afya ya mimea. Udongo mizizini haupiti.

Njia za panya achana nazo. Tanzania kuna ugonjwa wa kunyong'onyea: mnazi hupukutisha vidaka (nazi changa), makuti yakageuka manjano, kilele kikaanguka, gogo likabaki limesimama tupu. Dawa ya kuuponya hakuna. Ukiona dalili hizo, mwite afisa wa kilimo upesi. Mimi ningeulizia miche Kilifi kwanza.