Kabla Hujafungua Pampu: Moshi Mweusi wa Lori na Gharama Zake

Madereva wengi wanaoleta malori karakana kwa malalamiko ya gari zito, yaani lisilovuta vizuri, hufika wakiwa tayari wamejiandikia dawa: "Fundi, nifungulie pampu kidogo." Wanachoomba ni pampu ya dizeli irekebishwe ipeleke mafuta mengi kwenye nozo, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, kuliko kipimo cha kiwandani, ili gari livute mlimani. Kazi yangu ni pampu na nozo, na sidai kwamba ombi hilo ni baya wakati wote, kwa kuwa pampu iliyochoka hupungukiwa na mafuta na inastahili kurudishwa kwenye kipimo chake, na zipo injini zinazovumilia nyongeza ndogo bila madhara. Hata hivyo, sehemu kubwa ya malori ninayoyaona yakifuka moshi mweusi yalifunguliwa pampu wakati ugonjwa ulikuwa mahali pengine, na mwenye gari anaendelea kulipia dizeli ambayo haifanyi kazi yoyote zaidi ya kutoka kwenye ekzosi ikiwa masizi.

Injini ya dizeli huvuta hewa yote inayoweza kuivuta, na dereva anapokanyaga pedeli anaongeza mafuta peke yake. Kilo 1 ya dizeli inahitaji karibu kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, lakini hiyo ni hesabu ya karatasi, kwa sababu ndani ya silinda mafuta hayapati muda wa kuifikia hewa yote iliyomo. Ndiyo maana injini isiyo na tabo, kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada, huanza kutoa moshi mweusi hewa inapopungua na kufikia kilo 18 hadi 20 kwa kila kilo ya mafuta. Chukua Fuso yenye injini ya 6D16 isiyo na tabo, ambayo ujazo wake ni lita 7.5. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, silinda zake hujazwa hewa mara 1,000, na kwa kuwa hazijai kikamilifu, kinachoingia ni takriban lita 6,400 za hewa, yaani kama kilo 7 na nusu kwa hewa ya pwani. Gawanya kwa 18 utapata gramu 400 na ushei za dizeli, ambazo ni karibu nusu lita. Huo ndio uwezo wa injini hiyo kwa dakika moja, na pampu ikipeleka zaidi ya hapo nguvu inayoongezeka ni ndogo sana ukilinganisha na moshi na joto vinavyoongezeka. Ni sawa na kandili: ukipandisha utambi kupita kiasi, mwanga hauzidi, bali kioo ndicho kinachoingia masizi.

Mwinuko wa nchi ni jambo ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha miongoni mwetu. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Injini ileile iliyoweza kuunguza nusu lita kwa dakika pale Ubungo, ikifika Mbeya inaweza kuunguza kiasi cha mililita 420 tu, na pampu nyingi za injini hizi hazina kifaa cha kutambua kwamba gari limepanda nyanda za juu, hivyo huendelea kupeleka mafuta yaleyale. Dereva huona mambo mawili kwa pamoja, yaani gari limekuwa zito na moshi umeongezeka, kisha anasimama Makambako au Uyole kutafuta fundi wa kufungua pampu, ilhali injini inachokosa ni hewa. Kwa lori lisilo na tabo linalofanya kazi zaidi katika nyanda za juu, marekebisho sahihi ni kupunguza mafuta kidogo. Nguvu ambayo mwinuko umeiondoa haiwezi kurudishwa na bisibisi. Itarudishwa na gia ndogo na mzigo unaolingana na gari.

Madhara ya moshi huanzia ndani ya injini muda mrefu kabla dereva hajayaona. Mafuta yaliyozidi huendelea kuungua wakati pistoni inashuka na hata valvu ya ekzosi inapofunguka, kwa hiyo joto ambalo lingesukuma gari linaishia kwenye kichwa cha pistoni, kwenye valvu na kwenye tabo. Aluminiamu safi huyeyuka katika nyuzi 660 za Selsiasi, na mchanganyiko wa aluminiamu unaotengenezewa pistoni huanza kulainika mapema zaidi. Pistoni hunusurika kwa sababu joto lake linapokewa na ringi, na katika injini nyingi pia na oili inayorushwa chini yake, lakini ukipanda mlima mrefu kwa nusu saa huku pampu imefunguliwa, kinga hiyo huzidiwa. Nimeshika pistoni zilizoliwa ukingoni, mahali mwali wa nozo unapogonga, pakiwa pamechimbika kwa upana wa kidole gumba na kuacha vitone vya aluminiamu vilivyoganda kwenye ukuta wa silinda. Lori la namna hiyo halikuharibika ghafla kama dereva anavyodhani.

Kuna uharibifu mwingine wa polepole ambao, kwa maoni yangu, hugharimu pesa nyingi kuliko pistoni iliyoyeyuka. Dizeli isiyoungua hushuka kwenye kuta za silinda na kuosha utando wa oili unaozilinda, kisha inaingia kwenye oili ya injini na kuifanya nyepesi. Masizi nayo huingia kwenye oili hiyohiyo, huganda kwenye mifereji ya ringi, na ringi zikishakwama gesi inapita chini na oili inapanda juu. Chomoa kijiti cha kupimia oili baada ya gari kupumzika usiku kucha: ukikuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, na ukinusa unapata harufu ya dizeli, usiwashe gari kwenda safari. Inawezekana pampu inazidisha, inawezekana nozo moja inavuja, lakini kwa hali yoyote oili hiyo haiwezi tena kulinda beringi za krenki, na injini iko njiani kunoki.

Watu walio nje ya gari nao wana haki yao katika jambo hili. Mwezi Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni hukaa kando ya barabara ileile ambayo malori huikanyagia mafuta kwa ajili ya kuupanda mlima wa Kitonga, na utingo wako hulala na kuamka kando ya ekzosi. Pale Kitonga penyewe, penye kona kali na bonde upande mmoja, wingu la moshi mweusi kutoka lori linalotambaa humziba macho dereva wa basi aliye nyuma yako, naye akikosa subira na kuovateki ndani ya wingu hilo, sote tunajua kinachofuata.

Basi gari likiwa zito, uanzie wapi? Anza na hewa. Toa ea klina uiangalie kwenye mwanga, kwa maana katika barabara za vumbi chujio linaweza kuziba kabla ya muda wa sevisi kufika, na kulipuliza kwa kompresa kila mara kunaweza kulitoboa. Ukitoa chujio lililoziba na moshi ukapungua, umepata jibu, ila usiendeshe bila chujio hata kidogo, kwani vumbi likiingia litamaliza ringi. Kwa gari lenye tabo, kagua mipira inayopeleka hewa kwenye interkula, yaani kipoza hewa ya tabo, na klipu zake huku msaidizi akiongeza resi. Mpira uliopasuka kwa chini hauonekani gari likiwa sailensa, yaani likinguruma bila kukanyagwa pedeli, lakini gari likiwa na mzigo hewa yote ya tabo inaponyoka hapo. Halafu pima tapeti, yaani nafasi inayoachwa kwenye valvu, kwa sababu valvu isiyofunguka vya kutosha hunyima silinda hewa, na hakikisha taimingi ya pampu iko sawa, kwa sababu mafuta yanayochelewa kuingia huungua kwa kuchelewa na kutoa moshi hata kama kiasi chake ni sahihi. Usisahau breki zinazokamata na tairi zenye upepo mdogo. Nimewahi kupokea lori lililosemwa kuwa halina nguvu, na tatizo lote lilikuwa breki za ekseli ya nyuma ambazo hazikuwa zikiachia.

Nozo nazipa nafasi ya pekee kwa sababu ndizo chanzo cha moshi mara nyingi kuliko pampu. Nozo nzima hurusha mafuta kama ukungu mwembamba na kukata ghafla. Iliyochoka hutoa mkondo au hudondosha matone, na tone halina muda wa kuungua. Kuna jaribio rahisi la kuitambua silinda yenye kasoro: injini ikiwa sailensa, legeza kidogo nati ya bomba la nozo moja baada ya nyingine, ukivaa miwani na glavu na kuweka mkono mbali, kwa sababu mafuta ya shinikizo kubwa yanaweza kupenya ngozi. Silinda ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo yenye tatizo, na ile ambayo ukiilegeza moshi unakoma ndiyo inayozidishiwa mafuta au kuvuja. Usilifanye jaribio hili kwa injini ya komonireli, ile ambayo nozo zake hulishwa na bomba moja la shinikizo kubwa na kuendeshwa na kompyuta. Shinikizo la kule linazidi baa 1,000 na linaweza kukata mkono.

Ukishamaliza yote hayo na gari bado ni zito, pampu ipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Hapo pampu inazungushwa kwa mota na mafuta ya kila plenja, yaani kile kijiti cha pampu kinachosukuma mafuta ya silinda moja, yanamiminika kwenye bomba la kioo lenye mistari, na ndipo unapoona jambo ambalo hakuna bisibisi ya barabarani inayoweza kulionyesha: plenja tano zimejaza hadi mstari mmoja, na ya sita iko juu au chini yao kabisa. Pampu ya namna hiyo ukiifungua kwa skrubu ya jumla, silinda iliyokuwa inazidishiwa utaizidishia tena, na moshi wote utakaouona utatoka kwenye silinda moja huku nyingine bado zina njaa. Kusawazisha plenja peke yake mara nyingi hurudisha nguvu ambayo dereva alidhani imepotea, na moshi hupungua siku hiyohiyo.

Kuna skrubu mbili ambazo huchanganywa sana. Moja hupanga mwisho wa mafuta injini ikiwa na mzigo kamili, nyingine hupanga mwisho wa mzunguko, yaani gavana ikate kwa kasi gani. Anayezungusha ya pili akidhani anaongeza nguvu, anairuhusu injini kuzunguka kuliko springi za valvu zinavyostahimili, na mteremkoni valvu inaweza kugonga pistoni. Katika pampu za mviringo, ambazo plenja moja hulisha silinda zote, kama zile za Toyota 1HZ au Isuzu 4JB1, skrubu ya mafuta ikiingizwa kupita kiasi resi haishuki ukiachia pedeli, na inaweza kufika mahali injini ikakimbia yenyewe. Kwa hiyo anayelazimika kuigusa aweke alama kwanza, azungushe sehemu ya nane ya mzunguko au chini ya hapo, kisha alijaribu gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwenye mlima uleule na gia ileile. Kipimo ninachokikubali ni moshi mwepesi unaoonekana kwa shida pedeli ikiwa chini kabisa, usioziba kilicho nyuma ya gari.

Injini za tabo zina kiwambo juu ya pampu kinachosubiri upepo wa tabo upande ndipo kiruhusu mafuta kamili. Watu hukilegeza springi yake ili gari liondoke haraka, na matokeo ni lile wingu jeusi kila gia inapobadilishwa. Moshi kidogo wa sekunde moja tabo inapoamka ni wa kawaida. Ukiendelea hadi gari likichanganya, kiwambo kimechezewa au kimepasuka. Kwa lori la tabo ninamshauri kila mwenye gari afunge geji ya joto la ekzosi, kihisi chake kikae kabla ya tabo, na amfundishe dereva kushusha gia sindano inapokaribia nyuzi 650. Hiyo ni pesa ndogo mbele ya bei ya tabo moja. Malori ya komonireli hupangwa kwa kompyuta, na anayekuahidi nguvu zaidi kwa laptopu mwombe kwanza akuonyeshe joto hilo gari likiwa na mzigo.

Mzigo wenyewe nausema kwa uchungu, maana madereva hubebeshwa lawama isiyo yao. Lori la tani 10 likipakiwa 14, hakuna pampu itakayolifanya jepesi, na dereva anayekuja kuomba kufunguliwa pampu bila mwenye gari kujua mara nyingi anatafuta namna ya kufika kwa wakati aliopangiwa. Wenye magari, kaeni nao mzungumze kabla ya safari.

Siku utakapochukua pampu yako kwa fundi, mwambie akuandikie vipimo: mafuta ya kila plenja, kwa mzunguko gani, na shinikizo ambalo kila nozo inafungukia. Arudishe lakiri na waya kwenye skrubu mbele yako. Badilisha oili na filta yake kabla ya kupakia, kwa sababu ile ya zamani imeshachukua dizeli na masizi, kisha karatasi ya vipimo ikae ndani ya gari pamoja na kadi yake, ili fundi wa Tunduma au wa Singida atakayeufungua mfuniko wa pampu hiyo baadaye ajue pampu ilipoachwa.